MALI BILA DAFTARI
Hotuba kwa Waislamu wa Mbarara na Nakivale juu ya elimu ya fedha isiyolipiwa

 

 Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yajulikana na kila asemaye Kiswahili, toka pwani hata Kongo, nayo husemwa mara nyingi kuliko inavyotendwa. Madhumuni ya hotuba hii ni kuichukua methali hiyo kama amri, si kama pambo la maneno, na kuonyesha kwamba elimu ya kuhifadhi fedha ipo karibu, haiuzwi, na mwenye kuikosa aghalabu huikosa kwa kutoiuliza.

Yafaa kwanza itazamwe hali ya mahali penyewe. Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa watu waliotoka Rwanda, na leo wamo humo watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Wahabeshi na wengineo, kila taifa na lugha yake, na Kiswahili kikiwa daraja baina ya wengi wao. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka wa 2006 imewapa ruhusa ya kufanya kazi na biashara. Basi wamo wenye maduka, mafundi cherehani, wauza samaki wa ziwani, wapika maandazi na waendesha bodaboda. Na kila siku bidhaa hupanda na kushuka baina ya Nakivale na mji wa Mbarara.

Lakini riziki ya wengi wao ilitegemea pia msaada, na msaada umekuwa ukipungua. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza posho ya wakimbizi wa Uganda kuwa asilimia 70 ya kipimo kamili. Mwezi wa Februari 2021 ikawa asilimia 60. Mwaka wa 2023 watu waligawanywa kwa mafungu kulingana na shida zao, na mwaka wa 2025, kwa upungufu wa fedha za wafadhili, watu wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika orodha ya msaada wa chakula. Mtu aliyezoea kupokea kibaba kizima akipewa nusu, au akinyimwa kabisa, atafanya nini? Wengi hukimbilia mkopo. Na akopaye pasipo kujua hesabu ni kama aingiaye mtoni usiku bila kuuliza kivuko.

Wako wasemao, "Elimu ya fedha ni ya matajiri, maskini ana nini cha kuhesabu?" Neno hili ni kosa kubwa. Tajiri akikosea hesabu kwa shilingi elfu kumi hulala usingizi wake kama kawaida. Maskini akikosea kwa elfu moja, mtoto wake hulala na njaa. Kwa hiyo mwenye kidogo ndiye mwenye haja zaidi ya kalamu.

Na uchukuliwe mfano, ili jambo lieleweke. Aketi mwanamke mjane mahali paitwapo Base Camp, akaange maandazi na chapati. Kwa siku moja hununua unga wa shilingi 18,000, mafuta ya 9,000, makaa ya 4,000 na sukari ya 3,000, jumla 34,000. Vitu avipikavyo, vikiuzwa vyote, vyafikia 42,000. Basi faida yake ni 8,000 kwa siku, na kwa mtu wa hali yake hilo si haba. Walakini kila jioni akihesabu fedha zilizo katika kopo huona 33,000 tu. Kesho yake hana hata mtaji wa jana. Jirani mmoja amwambia kuwa biashara imeingiwa na kijicho. Mwingine amwambia kuwa dawa ni kuongeza mtaji, akamwonyesha mtu akopeshaye.

Sasa aje binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, achukue daftari la mazoezi, aandike kila kitoke na kila kiingie kwa siku saba. Daftari litasema nini? Litasema kwamba kila siku maandazi ya shilingi 3,000 huliwa na watoto wa nyumbani, na ya shilingi 6,000 huchukuliwa kwa deni na majirani ambao hulipa wapendapo, na wengine hawalipi kabisa. Elfu tatu na elfu sita ni elfu tisa. Na elfu tisa zikiondolewa katika 42,000 zabaki 33,000. Hapana kijicho wala hapana uchawi. Kijicho chenyewe ni maandazi ya deni. Mwanamke yule hakuwa na haja ya mkopo. Alikuwa na haja ya kusema "hapana" kwa uso mkunjufu, na ya kuweka kipimo cha watoto wake katika hesabu kama matumizi ya nyumba.

Na kama angalikwenda kukopa? Mathalan apewe shilingi 200,000 kwa sharti la kulipa 10 kwa kila mia kila mwezi. Hiyo ni 20,000 kwa mwezi. Biashara ikiwa na tundu lile lile, ataweza kulipa ziada tu, asiweze kulipa asili. Baada ya miezi kumi atakuwa amekwisha kutoa 200,000 kamili, sawa na alizopewa, na bado anadaiwa 200,000. Ndipo wahenga waliponena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini mwanamke huyo huyo akiweka kando shilingi 500 tu kila siku, kwa siku 365 atakuwa na 182,500, zilizo zake, zisizo na mwenyewe wa kugonga mlango alfajiri.

Hivyo ndivyo ilivyo elimu ya fedha kwa msingi wake. Si fumbo. Ni kujua kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, anayedai na anayedaiwa. Nayo Uislamu haukuiacha mikononi mwa wafanyabiashara peke yao. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni: kwamba liandikwe na muda wake utajwe, likiwa dogo au kubwa, kwamba mwandishi awe mwadilifu, kwamba wawepo mashahidi. Na yastahili kuzingatiwa kwamba haikusemwa liandikwe pale tu ambapo watu hawaaminiani. Ndugu kwa ndugu huandikiana, ili undugu usije ukavunjika kwa usahaulifu.

Kadhalika yajulikana katika habari za Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba zamani za mwanzo jeneza lilipoletwa aliuliza kama marehemu ana deni, na kama hakuacha cha kulilipa, hakumsalia yeye mwenyewe mpaka mtu ajitokeze kulichukua deni hilo. Na katika mirathi, deni hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu. Je, ni wangapi wafao na madeni yao yamo vichwani mwao tu? Mtu huzikwa, arobaini haijaisha, wakaja watu watatu kudai. Mmoja ni mkweli, wawili waongo, na mjane hana karatasi ya kumpambanua huyu na yule. Daftari la shilingi chache lingaliweza kumhifadhi mjane yule na kumpumzisha marehemu.

Na zaka pia haitimizwi kwa kukisia. Yapasa mtu ajue mali yake imefikia nisabu au la, tena imetimiza mwaka au la, ndipo atoe fungu moja katika mafungu arobaini. Mwenye shilingi 4,000,000 za biashara, akiwa amefikia nisabu ya wakati huo, hutoa 100,000. Asiyeandika hawezi kujua. Huenda akazuia haki ya maskini naye adhani kuwa ametoa. Na miongoni mwa mafungu manane ya wanaopewa zaka wamo wenye madeni, yaani dini imemjua mdaiwa na imemwekea mlango.

Sasa, ndugu wasikilizaji, elimu hii yapatikana wapi bila ya malipo? Milango yake ni mingi, na hapa itatajwa minne.

Mlango wa kwanza ni Serikali yenyewe. Benki ya Uganda, iliyofunguliwa mwaka wa 1966, ilitoa mwaka wa 2013 mkakati wa kuwafundisha wananchi mambo ya fedha. Mafunzo yake yamepangwa kwa mada zilizo wazi: matumizi ya mtu binafsi na nyumba yake, akiba, mikopo, uwekezaji, bima, kujiandalia uzee, na kuwajua watoao huduma za fedha. Maandishi hayo hayauzwi. Hupatikana katika intaneti, na kijana mwenye simu aweza kuyasoma. Kabla ya hapo, mwaka wa 2011, Benki hiyo ilitoa maagizo ya kumlinda mteja. Katika roho ya maagizo hayo, atiaye mkono karatasi ya mkopo ana haki ya kuelezwa kwanza: atalipa jumla ya kiasi gani, gharama nyingine ni zipi, na akichelewa litampata nini. Mtu asione haya kuuliza. Anayekasirikia swali la halali ana kitu akifichacho.

Mlango wa pili ni mashirika ya fedha yaliyofika makazini. Mwezi wa Machi 2020 shirika la UGAFODE lilifungua tawi lake Nakivale, ili mkimbizi asilazimike kusafiri hadi Mbarara kwa kila jambo la fedha. Mashirika ya namna hii, pamoja na yale ya misaada, huwafundisha watu kuandika hesabu na kupanga matumizi, mara nyingi pasipo ada. Hapa Muislamu apambanue mambo mawili. Kujifunza kuandika mapato na matumizi ni halali, hata mwalimu awe nani; hekima ni kitu kilichompotea Muumini, akiiona popote huiokota. Lakini kufundishwa hakumlazimishi mtu kukopa. Elimu yao ni ya kuchukuliwa. Mkopo wao ni wa kuulizwa. Mkopo wenye sharti la ziada juu ya asili ni riba, na riba ni haramu. Jina la sharti likibadilishwa, hukumu haibadiliki.

Kwa wale wanaouliza kama ipo njia nyingine, jibu ni kwamba ipo, nayo yapanuka polepole. Kenya ina benki zifuatazo sheria ya Kiislamu tangu mwaka wa 2008, na Tanzania ilipata benki ya Amana mwaka wa 2011. Uganda ilibadilisha sheria yake ya benki mwaka wa 2016 ili kuruhusu jambo hili, na mwaka wa 2023 ikaidhinishwa benki ya kwanza ya Kiislamu nchini, Salaam Bank, iliyozinduliwa Kampala mwezi wa Machi 2024. Katika benki za namna hii fedha haikodishwi kama nyumba. Benki hununua bidhaa na kumwuzia mteja kwa faida iliyo wazi na bei isiyobadilika, na hiyo ndiyo murabaha. Au hutoa mtaji, mteja akatoa kazi, faida wakaigawa kwa mapatano, na hiyo ndiyo mudharaba. Mwenye kuelewa maneno haya mawili hatadanganywa na kila bango lililoandikwa neno "halali". Atauliza bidhaa ni ipi, nani aimiliki, na hasara ni ya nani.

Mlango wa tatu ni simu iliyo mkononi. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Uganda mwaka wa 2009, na mwaka wa 2019 wakimbizi waliruhusiwa kuandikisha laini kwa hati zao za ukimbizi. Watu wengi huiona simu kuwa mfuko tu. Kumbe ni karani pia. Kila ujumbe ujao baada ya kutuma au kutoa fedha ni hesabu iliyoandikwa: kiasi, siku, saa, gharama na salio. Mtu akiketi kila Ijumaa baada ya sala, akanakili ujumbe ule katika daftari, ataona mambo ya ajabu. Ataona, kwa mfano, kwamba kutoa fedha mara tano kidogo kidogo huenda kukala zaidi kuliko kutoa mara moja. Tangu mwaka wa 2018 ipo kodi juu ya fedha zitolewazo kwa simu; ilianza kwa asilimia moja ikashushwa hadi nusu ya asilimia, yaani atoaye 200,000 hukatwa 1,000 ya kodi, mbali na ada ya kampuni. Ada hizo hubandikwa ukutani kwa wakala. Kuzisoma ni bure. Kutozisoma kuna gharama.

Na simu yataka hadhari. Namba ya siri haipewi wakala, wala mtoto wa jirani, wala mtu apigaye simu akasema kuwa yeye ni wa kampuni. Apokeaye ujumbe kwamba fedha zimeingia kwa makosa, na kuombwa azirudishe upesi, atazame salio lake kwanza. Mwenye haraka ya fedha za watu aghalabu ni mwizi.

Yapasa kuongezwa hapa onyo juu ya kile kijiitacho elimu ilhali ni mtego. Mwaka wa 2019 ilizuka Uganda kampuni iliyojiita Dunamiscoins, ikaahidi faida ya shilingi 40 kwa kila mia katika muda mfupi. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo ilifunga milango, na maelfu ya watu, vijana wengi miongoni mwao, wakabaki wakilia. Waliofika kwanza huonyeshwa kama ushahidi, na faida yao ni mtaji wa waliofika nyuma. Dalili za mtego huu ni tatu: faida kubwa isiyoeleza kazi izaliwayo nayo, haraka ya kulipa kiingilio, na sharti la kuleta watu wengine. Penye dalili hizo, elimu ya bure iliyo bora kuliko zote ni kuondoka.

Mlango wa nne ndio wa zamani, nao ni watu wenyewe kwa wenyewe. Mswahili ana upatu; Mkongo ana likelemba; Mnyarwanda ana ikimina; Msomali ana hagbad. Majina ni mengi, jambo ni moja. Watu kumi hutoa kila mmoja 10,000 kwa juma, na 100,000 zote apewe mmoja, mpaka zamu ziishe. Hapana ziada wala riba. Kila mtu huchukua kiasi alichotoa, ila mmoja huchukua mapema na mwingine huchelewa. Hatari yake ni moja: achukuaye mwanzo akahama. Dawa yake ni zamu ipigiwe kura, kila mmoja awe na mdhamini, na majina yaandikwe mbele ya mashahidi, kama ile aya ilivyoagiza.

Vipo pia vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana kijijini, ambavyo namna yake ya sasa ilianzishwa na shirika la CARE katika nchi ya Niger, nchi ya Waislamu wengi, mwaka wa 1991, kisha ikaenea Afrika nzima. Wanachama huwa kadiri ya 15 hata 25. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Kila mmoja ana kijitabu kinachopigwa mhuri kwa kila hisa. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka hugawanywa. Katika shule hizi mtu asiyejua kusoma hujifunza hesabu kwa macho yake, tena bila ada.

Lakini hapa pana tatizo ambalo haifai lifichwe. Vikundi vingi hukopesha kwa ziada ya kila mwezi, na ziada hiyo ndiyo hugawanywa mwisho wa mwaka. Waislamu wengi wamo humo. Wengine hawajui hukumu yake, wengine wajua nao wasema hawana njia. Kuwakaripia tu na kuwaacha si uongozi. Njia ipo. Sanduku libaki, kufuli zibaki, vijitabu vibaki. Kiondolewe kitu kimoja, nacho ni ziada ya mkopo. Mwenye shida ya ugonjwa au ada ya shule akopeshwe kwa wema, arudishe kiasi kile kile. Na kikundi kikitaka faida, kitafute faida kwa biashara, si kwa shida ya mwenziwe: wakati wa mavuno kinunue mahindi na maharagwe, kikaushe na kuhifadhi vizuri, kiuze bei ipandapo, pasiwe na kuficha chakula kwa kuwaumiza watu, bali biashara ya wazi. Wakipata wagawane; wakipata hasara waichukue kwa kadiri ya hisa zao. Huo ni ushirika, na ushirika una baraka.

Jambo jingine lahusu mume na mke. Katika Uislamu mali ya mke ni yake, na nafaka ya nyumba ni juu ya mume. Hata hivyo, katika maisha ya ukimbizi mara nyingi mke ndiye mwenye kibanda sokoni, na mume hana kazi; mke akatoa fedha zake kulisha nyumba. Akitoa kwa hiari kama sadaka, ana thawabu zake. Akitoa kama mkopo, uandikwe. Ugomvi mwingi unaofikishwa mbele ya masheikh huanza na maneno mawili: "nilikupa" na "hukunipa". Daftari moja mezani, lisomwalo na wote wawili, lingezima moto huo kabla haujawaka. Mke asifiche faida kwa hofu, wala mume asichukue mtaji kwa nguvu. Mtaji wa mke ukiliwa leo, nyumba nzima hukosa kesho.

Basi ikiwa milango yote hiyo ipo, kwa nini watu hubaki nje? Sababu moja ni lugha. Maandishi mengi ya fedha ni ya Kiingereza, na mama auzaye maandazi hakijui Kiingereza. Sababu ya pili ni haya: mtu mzima huona vibaya kuketi afundishwe kujumlisha. Ya tatu ni kudhani kwamba mambo ya fedha si mambo ya msikitini. Sababu hizi tatu zaweza kuondolewa na jumuiya yenyewe, tena pasipo kungojea mfadhili.

Kwa ajili ya lugha, wako vijana wanaosoma katika sekondari na vyuo vya Mbarara. Kila mmoja aweza kuchukua mada moja ya Benki ya Uganda, akaifasiri kwa Kiswahili chepesi, akaisoma mbele ya watu. Hiyo ni sadaka ya elimu, na gharama yake ni jioni moja. Kwa ajili ya haya, watu wazima wafundishwe pamoja, wanawake kwa wakati wao na wanaume kwa wakati wao, na anayejua kidogo amfundishe asiyejua. Na kwa ajili ya dhana ile ya tatu, yatosha kukumbusha kwamba aya ya deni husomwa msikitini, na zaka hufundishwa msikitini. Hakuna haramu ya kuleta daftari palipo na msahafu, maadamu adabu yahifadhiwa.

Mpango wenyewe na uwe mdogo, ili udumu. Saa moja kwa juma, baada ya sala ya alasiri, kwa majuma manne. Juma la kwanza: kuandika kiingiacho na kitokacho. Juma la pili: deni, yaani kuliandika, kulilipa, na kuhesabu jumla yake kabla ya kulikubali. Juma la tatu: akiba, upatu na sanduku lisilo na ziada. Juma la nne: simu, ada zake na wezi wake, pamoja na hesabu ya zaka. Kila aingiaye aje na daftari na kalamu yake. Asiye nacho anunuliwe na jirani yake. Baada ya majuma manne, kila mwanafunzi amfundishe mtu mmoja wa nyumbani kwake. Na watoto wa madrasa wapewe hesabu za zaka na mirathi wangali wadogo, ili namba zisiwe adui yao ukubwani.

Pia jumuiya iwe na daftari lake yenyewe, lililo wazi. Michango ya mazishi, sadaka za Ijumaa, zaka za Ramadhani, zote ziandikwe na zisomwe hadharani kila mwezi. Haifai kumwambia mjane aandike maandazi yake, ilhali fedha za msikiti zimo mfukoni mwa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Kuandika si kumshuku mtu. Kuandika ni kumlinda mwaminifu na ulimi wa watu.

Ndugu Waislamu, wengi wa watu wa Nakivale waliacha nyuma mashamba, nyumba na makaburi ya wazee wao. Mali zile zilichukuliwa na vita, na hapana daftari lingaliweza kuzizuia. Lakini hiki kidogo kinachopatikana leo kwa jasho hakichukuliwi na vita. Chapotea kimya kimya, shilingi mia hapa na mia pale, na mwenyewe yupo. Huo ndio msiba unaoweza kuzuiwa. Anayetoka hapa leo, kabla hajalala, na aandike mambo matatu: fedha alizo nazo, deni alilo nalo, na mtu anayemdai. Ikiwa hajui kuandika, na amwite mtoto wake aandike.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki za Waislamu, awaepushe na deni lililo zito na watu wenye kudhulumu, awape wafanyabiashara wao ukweli, wajane wao stara, na vijana wao elimu yenye manufaa. Amin.